Sauti ya Mama na Kompyuta Tatu

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza. Nilikuwa nimepanga kufua mapazia, nimeyarudisha kapuni. Siku kama hii, isiyonipa nafasi ya kutoka wala utulivu wa kukaa, ndiyo hunishikisha kalamu.

Jambo lenyewe ni hili. Daktari wa koo amesema Mama atafanyiwa upasuaji mwezi wa tano, na baada ya hapo hatakuwa na sauti. Si kwamba itakwaruza. Hatakuwa nayo kabisa. Pale hospitali kuna mtaalamu wa matamshi, mama mmoja mpole mwenye miwani, ametueleza kwamba Mama akirekodi sentensi mia tatu mahali palipo kimya, itatengenezwa programu: yeye ataandika, kompyuta itasema, na itakayosikika ni sauti yake. Ila sentensi zote zipatikane, tena mapema, kwa sababu koo linazidi kuharibika kila wiki.

Mama alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Amestaafu zamani, lakini mpaka leo akiuliza bei ya nyanya watu wanageuka. "Kumbe ndiye wewe!" humwambia, kana kwamba amewafichia treni yao.

Baba hajasema lolote kuhusu upasuaji. Alipoambiwa, alienda kuzibua mfereji.

Jumapili, 3 Machi

Nimeshinda na nenosiri. Nyumba hii ina kompyuta tatu: kubwa ya sebuleni, ambayo Baba alihifadhia ramani zake alipokuwa mpima ardhi, ndogo ya Mama, ya chumbani, na ya mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kufunga kamera za ulinzi na ambaye tunamwita Injinia, kwanza kwa kumkejeli, sasa kwa mazoea. Mama atarekodi kwenye ndogo, lakini ndogo imejaa, haina nafasi ya kuweka kitu. Kwa hiyo sauti itapitia mtandao wa nyumbani na kukaa kwenye kubwa. Ikikamilika, Injinia ataituma hospitali kutoka kwake.

Tatizo: kompyuta zote tatu zina akaunti inayoitwa "nyumbani", na kila moja ina nenosiri lake. Ndogo inabisha hodi kwa kubwa, inajitaja jina, jina linatambulika, halafu neno inalolitoa si lile kubwa inalolijua. Mlango haufunguki. Ni kama ndugu wawili wa ukoo mmoja waliokataana.

Nimeweka nenosiri moja kotekote. Injinia hakupenda.

"Dada, ufunguo mmoja milango yote? Mwizi akiuokota huo, amemaliza kazi."

"Mwizi gani atakuja kuiba sentensi za Mama?"

"Wezi wote huanza kwa kuulizwa hivyo hivyo."

Nimemwekea Mama alama moja tu ya kubonyeza, nimeiita Sanduku la Sauti. Na nimempa kanuni moja: likitokea dirisha lolote lenye maswali usiyoyaelewa, bonyeza Ghairi, halafu niite.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Kazini, stoo ya kiwanda cha rangi, malori mawili yamechelewa. Nimemaliza siku nzima nimesimama.

Jumamosi, 9 Machi

Mama ameanza. Amevaa kitenge kizuri na hereni, kana kwamba kuna mtu atamwona. Sentensi za mtaalamu ni za ajabu: "Mbuzi wa jirani amekula kofia yangu." "Je, feri inaondoka kabla ya saa sita?" Ameambiwa zimechaguliwa ili sauti zote za lugha zipatikane. Mama anazisoma zote kwa uzito uleule, hata ya mbuzi, na mimi nje ya mlango nikajikuta natazama saa, nisije nikachelewa.

Alipotoka alituita sote. "Sikilizeni. Mtu asifungue sanduku langu kabla sijamaliza. Chakula cha harusi hakionjwi na kila anayepita jikoni."

Tukakubali. Baba aliitikia kwa kichwa akiwa anatazama dirishani.

Alhamisi, 14 Machi

Injinia ana mdomo wa redio. Amefungua sanduku, akachukua sentensi ya mbuzi na kofia, akaituma kwenye kundi la simu la ukoo. Eti kuwachangamsha. Shangazi mmoja alicheka, mwingine akalia, wa tatu akauliza ni mbuzi wa nani na kama ameshalipwa kofia. Mpaka jioni sentensi imeshafika kwa watu tusiowajua.

Mama alicheka. Baba aliiweka simu yake kifudifudi mezani, akaenda kulala kabla ya chakula.

Jumapili, 17 Machi

Imenyesha kutwa. Bati la chumba cha Mama linalia kama linamwagiwa kokoto, kwa hiyo hakurekodi. Nimetembea sebuleni mpaka Baba akaniuliza kama natafuta kitu.

Ijumaa, 22 Machi

Tunahesabu stoo, robo ya mwaka inaisha. Natoka asubuhi kwenda kiwandani, narudi na harufu ya rangi kwenye nywele. Namwuliza Mama, "Leo vipi?" Ananiinulia dole gumba. Haongei tena nje ya kurekodi. Alishasema kwamba sauti aliyobaki nayo ni kama mafuta ya taa ya mwisho, haiwashwi kutafutia kandambili.

Jumanne, 26 Machi

Dole gumba. Mvua. Stoo kuna madebe ya bluu yasiyolingana na vitabu.

Baba siku hizi anakaa kwenye kompyuta kubwa na vile visikilizio vikubwa vya Injinia masikioni. Nilimwuliza anasikiliza nini. "Habari," akasema. Asubuhi nzima, habari.

Jumamosi, 30 Machi



Mchana Mama aliniandikia kwenye kikaratasi: "Zimebaki chache. Angalia kama zimepangika." Nikaona si kuonja kama mwenyewe ameniruhusu. Nikakaa kwenye kompyuta yake, nikabonyeza Sanduku la Sauti. Likatokea dirisha: andika nenosiri. Nikaliandika. Si sahihi. Nikaliandika tena polepole, herufi moja moja. Si sahihi.

Nikamwuliza Mama, "Dirisha hili umewahi kuliona?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Mara ngapi?"

Akachora duara hewani kwa kidole: kila siku.

"Ukalifanyaje?"

Akanionyesha. Ghairi.

"Na kuniita?"

Akashika koo lake, akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Hakuniita kwa sababu kuita ni kutumia sauti. Kanuni niliitunga mimi, nusu yake ya pili nikaijenga juu ya kitu anachokosa.

Nilikwenda sebuleni nikikimbia. Baba akanipisha kitini, visikilizio bado viko shingoni. Nikafungua folda. Sentensi ya mwisho imeingia tarehe kumi na nane. Baada ya hapo, hakuna. Kila alipobonyeza Ghairi programu ilikuwa inajifunga, na kile alichorekodi siku hiyo kinakwenda na upepo.

Nikarudi kumwambia. Nilidhani atalia. Alikaa kitandani, akasema kwa sauti, na ilikuwa imepungua, nilisikia wazi jinsi ilivyopungua tangu Machi ianze: "Usijali. Stesheni nilisema na watu wasiosikiliza maisha yangu yote."

Jumapili, 31 Machi

Nimegombana na Injinia. Nani mwingine hubadili nenosiri katika nyumba hii? Nani alisema ufunguo mmoja ni hatari?

"Mimi? Nife hapa kama nimeligusa!"

"Usituapie vifo kwenye nyumba yenye mgonjwa. Uliingia ukaiba ya mbuzi, ukashindwa nini kubadili na neno?"

"Ya mbuzi nilikosa, nikaomba radhi. Hili si langu."

"Basi limejibadili lenyewe, kama kinyonga."

"Wewe dada unapenda mambo yalingane. Yasipolingana unatafuta mtu wa kujazia."

Amebeba begi lake, amekwenda kulala kwa rafiki yake. Baba alisimama uani kwenye manyunyu muda wote tuliokuwa tukipayuka. Nilidhani ni hasira juu yetu.

Jumanne, 2 Aprili

Mama ameanza upya zilizopotea. Anakunywa maji baada ya kila sentensi. Moja yenye maneno marefu ameirudia mara nne.

Alhamisi, 4 Aprili

Injinia amerudi jioni, hakunisalimia, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta kubwa. Ana akaunti ya msimamizi, nami nilikuwa nimesahau kwamba kompyuta huandika yenyewe kila kinachofanyika ndani yake.

"Njoo usome mwenyewe," akaniambia. "Soma kwa sauti, wewe si ndiye hakimu."

Nenosiri la akaunti "nyumbani" lilibadilishwa Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi, saa nne asubuhi. Saa hiyo mimi nilikuwa stoo. Yeye alikuwa juu ya ngazi anafunga kamera kwenye duka la dawa, na ana picha. Nyumbani alikuwa Mama, na Baba.

Tukatazamana.

"Samahani," nikasema.

"Weka hapo, nitaichukua baadaye," akajibu. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nani atamwuliza?"

Tulitoka pale kila mtu na njia yake, kama watu waliokuta kitu kisichofaa kukutwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemwuliza mimi. Nilimkuta anakata majani ya uani kwa mkasi wa nguo, kazi isiyohitajika na chombo kisicho chake.

"Baba, ni wewe uliyebadili nenosiri la sebuleni?"

Aliendelea kukata. "Ni mimi."

"Tangu Jumapili unasikia tunagombana. Mwanao amelala nje ya nyumba."

"Nilikuwa natafuta namna ya kulisema."

"Siku tano, Baba?"

Akauweka mkasi chini. "Siku ile shangazi yenu alinipigia akicheka mbuzi na kofia. Nikasikia nyuma yake watu wengine wanacheka. Watu sijui hata ni wa wapi. Nikasema, kumbe mlango uko wazi. Mtu akae kompyuta yoyote humu ndani, achukue sauti ya mke wangu apeleke sokoni. Nikaweka kufuli. Sikujua kuwa na yeye mwenyewe nimemfungia nje."

"Na hukuona kwamba hakuna mpya zinazoingia? Maana hukuwa unasikiliza habari."

Hapo ndipo aliponitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani ni majani.

"Niliona. Nikadhani amechoka. Ningemwulizaje? Angejua nimeonja."

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, hasira ilikuwa imeiva kabisa. Nikabaki nayo mkononi, sijui pa kuiweka. Mtu huyu nimeishi naye miaka yote nikidhani ukimya wake ni ukuta. Kumbe alikuwa anashinda nyuma yake na visikilizio masikioni, akisikiliza feri inaondoka saa ngapi.

Lakini sentensi zimepotea, na koo halingoji mtu aelewane na mzazi wake. Nimeyaandika yote mawili.

Jumamosi, 6 Aprili

Injinia alitaka kulifuta neno la Baba. "Dakika moja tu, naweka jipya, tunamaliza." Nikamkatalia. Mzee amekiri, tumwachie neno lake, tuliingize kwenye kompyuta nyingine mbili yalingane. Baba akakubali kwa sharti moja: hamwambii mtu neno lenyewe. Ataliandika yeye.

Basi ikawa ziara. Chumbani kwa Injinia tumegeukia ukutani sote wawili, nyuma yetu kidole kimoja kinabonyeza, kinapumzika, kinabonyeza.

"Tayari?"

"Bado. Herufi kubwa iko wapi?"

"Shikilia kitufe cha pembeni, Baba."

"Msigeuke!"

Hapo lilikubali. Kwa Mama likagoma. Sanduku likasema si sahihi. Akaandika tena, si sahihi. Injinia akaanza kunong'ona kwamba likikosewa mara moja tena akaunti itajifunga na tutakaa kuisubiri. Baba alikuwa anatokwa jasho. Mama, aliyekuwa amelala anatutazama kama mtu anayetazama kuku wakifukuzana, akajiinua kwenye mto, akalitamka neno.

Alilitamka polepole na kwa usafi, kama anayetangaza treni ya mwendokasi. Kisha akaongeza, "Na siku ile ya kufunga uliliandika kwa 'k', mzee. Tangu barua ya kwanza unaniandikia kwa 'k'."

Baba aligeuka ukutani yeye sasa. Nikaliandika mimi kwa 'k', sanduku likafunguka.

Neno lenyewe silitaji hapa. Ni jina ambalo sikujua kama Mama alikuwa nalo.

Jumanne, 9 Aprili

Hospitali wamepiga simu. Vipimo vya wiki iliyopita havikuwapendeza, upasuaji umeharakishwa: tarehe ishirini na mbili, mwezi huuhuu. Mtaalamu wa matamshi akasema polepole kwamba zisipokamilika programu haiwezi kutengenezwa, ama itatengenezwa iwe na mapengo, na mapengo hayazibiki baadaye.

Nimehesabu zilizobaki. Nimehesabu tena. Nimepanga viatu vyote vya nyumba hii kwa ukubwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua kutwa. Hakuna hata moja.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Mbili, na ya pili ina bati ndani yake. Siku hizi Injinia humtumia mtaalamu za siku azikague, na hii ameikataa.

Jumamosi, 13 Aprili

Tumejaribu kila chumba. Jikoni friji inanguruma. Chumbani kwa Injinia kuna mitambo inayopiga mluzi. Tulimwingiza Mama chini ya mablanketi matatu, akatoka akitweta: "Mnataka kuniua kabla ya daktari?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni akitazama dari, kwa jicho lake lile la kupima viwanja. Akatoka. Punde tukasikia ngazi inagonga ukuta. Nilipofika nje yuko juu, mzee wa sabini na ushee, kofia ya plastiki kichwani, anavuta zulia la sebuleni juu ya bati. Injinia akapanda bila kuambiwa. Wakatandika zulia, wakatandika magodoro mawili ya wageni, wakayafunika kwa turubai, wakayakaza kwa matofali.

"Huku kushoto bado panalia!" Baba akapaza sauti.

"Nipe lile zulia la wageni la kuswalia!"

"Lipi?"

"La maua, la maua! Dada, usisimame kama mnara, tupe zulia!"

Nikalitupa. Jirani alitokeza kichwa akauliza kama tunahama.

Chumbani, mvua ikawa mnong'ono tu. Mama alituangalia tukiingia tunachuruzika, akabonyeza kitufe, akasoma. Mtaalamu amezikubali zote za leo.

Jumatatu, 15 Aprili

Sauti inakatika katikati ya maneno marefu. Anasoma, anapumzika, anasoma. Kila ikiingia Baba, sebuleni, anagonga ukuta mara moja kuthibitisha imefika.

Alhamisi, 18 Aprili

Kugonga ukuta: mara chache. Kazini nimeandika madebe ya njano kwenye safu ya kijani.

Jumamosi, 20 Aprili

Ya mwisho ilikuwa hii: "Nitarudi kabla giza halijaingia." Ameijaribu tangu asubuhi. "Nitarudi kabla gi—" kisha kikohozi. Mchana nikamwambia aiache, tutawaomba waikubali yenye pengo. Akanikatalia kwa kidole.

Injinia alizima friji, feni, simu zote, hata saa ya ukutani akaitoa betri. Baba akaja, akakaa sakafuni kando ya kitanda, mahali ambapo sijawahi kumwona akikaa. Mama akamtazama yeye badala ya kioo cha kompyuta, akasema sentensi nzima, mpaka mwisho. Haikuwa sauti ya stesheni. Ilikuwa imepauka, imechakaa pembeni. Lakini ilifika.

Hatukupiga makofi. Injinia alizituma hospitali, akakaa akitazama mstari unaojaa mpaka ukajaa.

Jumatatu, 22 Aprili

Ameingia saa tatu, ametoka saa tisa. Yu hai. Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 3 Mei

Amerudi nyumbani. Ana tundu dogo shingoni, amelifunika kwa kitambaa alichokichagua kilingane na gauni. Anaandika kwenye ubao mdogo, na sisi, mapunguani, tunamjibu kwa kupiga kelele. Baba amezidi: naye anamwandikia. Wanakaa kitandani wanapokezana kalamu, na Baba ana mwandiko wa adabu mno, kama anaomba kibali cha ujenzi.

Injinia akamwambia, "Baba, Mama haongei. Anasikia!"

"Najua," Baba akasema. Akaendelea kuandika.

Mvua zimepungua. Zulia la sebuleni limeanikwa, halitapona.

Jumatano, 8 Mei

Mtaalamu anasema sauti iko karibu. Sili vizuri. Je, ikiwa ni ya kopo, isiyo yake? Tungemwambiaje?

Jumamosi, 11 Mei

Imefika. Injinia aliiweka kwenye kompyuta ya Mama, na tukakaa wote chumbani tumenyooka kama tunapigwa picha. Baba alikuwa na ubao wake magotini na kalamu tayari. Nilijua Mama atasema jambo kubwa. Nilikuwa nimekunja leso.

Akaandika, akafuta, akaandika. Akabonyeza.

"Mzee, hilo shati umelivaa tangu juzi."

Ilikuwa yeye. Si yeye wa Aprili. Ilikuwa yeye wa stesheni, na pembeni kidogo ule uchakavu wa siku za mwisho, vimechanganyika. Na sentensi hiyo hakuwahi kuirekodi, haikuwemo katika zile mia tatu.

Baba alilitazama shati. "Jana," akasema.

"Juzi."

"Jana, mama watoto! Juzi nilivaa la mistari, waulize hawa!"

Mama hakuandika tena. Alibonyeza kitufe kilekile.

"Juzi."

"Unaona sasa? Yaani mtu anajieleza, wewe—"

"Juzi."

Sauti ileile, haikupanda wala haikuchoka. Ubao ulikuwa umeanguka sakafuni na Baba amesimama, mikono hewani, anataja mashati yake yote ya wiki kwa rangi na siku. Injinia alikuwa ameshajificha nyuma ya pazia kwa kicheko. Mama alimwacha mzee afike mpaka Jumatano, akabonyeza tena.

Baba akaenda kubadili shati.